Mkalimani wa Wayunani

Kati ya watu wote niliowahi kuwakabidhi maiki, yeye ndiye aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote. Wakalimani wengine wa sinema hupiga kelele, huimba, hutukana kidogo ili vijana wacheke. Yeye alikaa kwenye kigoda pembeni ya runinga, akapunguza sauti ya sinema mpaka ikabaki mnong'ono, akatafuna kipande cha tangawizi bila haraka, akafuta maiki kwa leso kana kwamba aliyeitumia kabla yake alikuwa na kifua kikuu. Kisha akasema, "Bon. Tuko kwa Wayunani." Banda zima lilinyamaza, hata watoto wa mgongoni.

Banda lilikuwa la marehemu mume wangu, na alipofariki likawa langu. Lilikuwa katika kijiji jirani na kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, mabati juu, turubai ubavuni, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa. Watu waliliita kibanda umiza na sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Wateja walikuwa Waha wenzangu waliotoka shambani, Wakongo wa kambini waliokuja sokoni, na wale wenye asili ya Burundi wanaolima huku Kagerankanda, ambao siku hizi ni Watanzania kama mimi. Kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani, na Kiswahili tulikikuta njiani. Kiingereza cha kwenye sinema hatukukijua kabisa. Tulihitaji mtu wa kutuambia nani anamdai nani nini.

Hakuitwa kwa jina. Kambini walimwita Mkalimani, na sisi tukafuata. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya Jumatatu hadi Ijumaa: alikaa kwenye chumba cha mahojiano kati ya mkimbizi na afisa, akasikiliza Kibembe au Kiswahili cha Kongo, akatoa Kifaransa. Kazi ile ina sheria zake, na yeye alizishika kama mzee wa kanisa anavyoshika funguo za sadaka. Sheria ya kwanza, huongezi neno wala hupunguzi. Ya pili, unasema "mimi". Mwanamke akisema nilimwacha mtoto barabarani, Mkalimani hasemi kwamba mama huyu alimwacha mtoto barabarani. Anasema, nilimwacha mtoto barabarani. Ya tatu, ukitoka mle ndani humjui yule mtu, humfuati kwake, humwulizi habari, hata ukimkuta kisimani.

Siku moja nilimwuliza kazi ile ikoje. Alikuwa anakula karanga.

"Mama Banda," akasema, "miye nimekufa mara mingi. Nimechomewa nyumba, nimezaa mapacha mu pori, nimekuwa askari, nimekuwa binti. Kisha mangaribi niko nakula bukari."

Bukari ni ugali kwa lugha yao. Alilisema lile kama mtu anayekutajia bei ya dagaa, na mimi nililipokea hivyohivyo. Nilikuwa nimefiwa na mume mwaka uleule, na watu walionijia na machozi walinichosha. Yeye hakuja nayo. Nadhani ndiyo sababu tulipatana. Wote wawili tulikuwa tumekufa ganzi, ila yeye alikuwa na mshahara wake kwa ajili hiyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, anayekatazwa kuongeza neno wiki nzima, ukimpa Jumapili mchana maiki na sinema asiyoijua mtu mwingine, unategemea nini? Aliongeza. Alipunguza. Alihamisha. Hadithi zenyewe alizijua vizuri, kwa sababu alifundishwa na mapadri huko Kivu alipokuwa kijana, kwa Kifaransa na kwa fimbo. Majina ya miungu yote alikuwa nayo kichwani lakini hakuyatumia. Alisema majina yale ni magumu na yanawatisha watu. Mkubwa wao akamwita Mzee wa Radi. Wa bahari akamwita Bwana wa Ziwa, maana hatujaona bahari, Tanganyika tunaijua. Yule binti aliyezaliwa kutoka kichwani kwa baba yake alikuwa Binti Kichwa, na yule mjumbe mwenye mabawa kwenye viatu alikuwa Bodaboda. Bodaboda akitokea tu, vijana walipiga miluzi.

Mzee wa Radi alikuwa kipenzi cha wanawake, kwa maana ya kwamba walimchukia kwa raha. Kila sinema alikuwa amezaa mahali. "Huyu naye ni wake?" watu wangeuliza shujaa mpya akiingia na misuli yake, na Mkalimani angejibu kwa masikitiko, "Ni wake. Ya inje." Tukazoea kwamba kila shujaa ni mtoto wa nje, na kwamba mke mkubwa ataanza kumtafutia balaa kabla hajaota ndevu. Muuza karanga wetu, mwanamke wa Kiha aliyekuwa na wake wenza wawili, alimtetea yule mke mkubwa kwa sauti. "Mwacheni! Nyie hamjui alichovumilia."

Mchungaji wake hakupenda. Mkalimani alikuwa mzee wa kanisa kambini, hakunywa, hakuvuta, aliimba besi. Mchungaji alikuja mpaka bandani, akamwuliza mbele yangu inakuwaje mtu wa Mungu mmoja anawapa sauti miungu ya wapagani.

"Mungu mwenye hakuna mutu anamuomba," Mkalimani akamjibu, "huyo ni jirani tu, Mchungaji."

Mchungaji alikaa kwenye benchi kumsubiri amalize ili waondoke pamoja. Akaangalia mpaka mwisho, na akauliza kama yule mwenye jicho moja alipona.

Nimefikiri sana kwa nini watu wetu walizipenda hadithi hizi kuliko za ngumi na za kuimba. Wale miungu hawakuwa wema. Walikuwa wanakuja, wanaamua, wanaondoka. Leo wanakupenda, kesho wamekasirika kwa kitu alichofanya babu yako. Huwezi kukata rufaa. Mtu aliyekaa kambini miaka mingi, akisubiri jibu kutoka kwa watu asiowaona, haelezwi mara mbili. Hata sisi tusio wa kambi tulielewa, kwa sababu mvua ya huku nayo ina tabia hiyo. Na jambo la pili, mle ndani watu walifiwa hasa. Kwenye sinema nyingine wanakufa mia na shujaa anawasha gari. Kwa Wayunani akifa mmoja, kazi inasimama, wanaosha, wanawasha moto, wanagombania maiti. Watu wa huku wanajua kazi hiyo.

Sinema iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa ya vita ile ndefu, waliyopigana kwa sababu ya mke wa mtu. Wengi mnaijua. Kuna shujaa wa upande mmoja anayemwua mtoto wa mfalme wa upande wa pili, kisha anafunga maiti kwenye gari la farasi na kuiburuta mbele ya ukuta, baba na mama wa kijana wakiangalia. Halafu yule mfalme, mzee kabisa, anatoka peke yake, anaingia kambi ya adui, anapiga magoti mbele ya muuaji na kumbusu mkono. Anamwomba maiti ya mwanawe akaizike.

Hiyo ndiyo sinema ilivyo. Bandani kwangu haikuwa hivyo.

"Muzee amechoka," Mkalimani alisema yule mfalme akipiga magoti. "Ametembea mbali. Magoti yamekwisha nguvu." Na yule mzee akiinua mkono wa muuaji hadi usoni, Mkalimani alisema polepole, "Anamunusa mukono. Anatafuta harufu ya mutoto wake." Kisha muuaji anaanza kulia, kama mjuavyo, naye akamwekea maneno haya: "Baba, kwa nini umejisumbua? Kesho nilikuwa ninakuja kwako. Ng'ombe ziko tayari, pombe iko tayari, wazee wangu wamekubali."

"Ego!" banda likaitikia, ndiyo yetu ya Kiha. Tuliridhika kabisa. Kwa sababu huku kwetu, na huko kwao pia, mwenye kosa ndiye anayekuja. Anakuja na wazee wake na dumu la pombe ya ndizi, anakaa chini nje ya ua, anasubiri mpaka mtu wa ndani aone huruma ampe hata maji. Wanaweza kumwacha pale siku nzima. Mfiwa hatoki kwake kumfuata muuaji. Mfiwa akienda, itakuwa nini tena? Dunia itakuwa imegeuka miguu juu.

Aliwahi kuja mwalimu wa sekondari kutoka Kasulu mjini, kijana mtanashati, akaketi benchi la mbele. Ilipofika pale akashindwa kuvumilia. "Mzee, samahani, hapo umedanganya. Anaubusu ule mkono! Anaomba maiti!"

Muuza karanga alimgeukia. "Nani atabusu mkono uliomwua mwanawe? Wewe umesomea wapi?"

"Ndivyo hadithi ilivyo, mama."

"Basi ni hadithi ya wajinga."

Walimzomea mpaka akatoka, na kiingilio chake kikabaki kwangu. Baadaye nikamwuliza Mkalimani, kati yake na mwalimu nani alisema kweli. Alikuwa anakunja waya wa maiki.

"Mwalimu iko na haki," akasema. "Sinema njo haina haki." Njo ni "ndiyo" ya kwao.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukitafsiri. Mama wa yule kijana, malkia, anaonekana mara kadhaa juu ya ukuta, mdomo wazi, anasema maneno mengi. Mkalimani alishusha maiki, akanywa maji, akangoja apite. Nilimwuliza mbona yule mama huwa hasemi kitu.

"Iko analia," akasema. "Kulia hakuna tafsiri."

Nyumbani kwake niliingia mara ya kwanza kumpelekea spika aliyoahidi kunitengenezea. Nyumba ya tofali za udongo, safi, na katikati ya chumba kitanda cha mninga ambacho hata mimi sikuwa nacho. Alichongewa na fundi wa kambini, mkwe wao, alipomwoa binti yao. Juu ya kitanda kulikuwa na masufuria, gunia la unga, mbegu za maharage kwenye ungo, na chini ya uvungu kuku alikuwa anaatamia. Pembeni, ukutani, mikeka miwili imekunjwa.

"Mzee," nikamtania, "kuku wako analala pazuri kuliko wewe."

"Kuku hana matanga," akanijibu.

Nilicheka. Mke wake, aliyekuwa anachochea moto mlangoni, hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, hakuwahi kukanyaga bandani kwangu hata mara moja. Mkalimani ndiye aliyenieleza, kwa sauti ileile ya matangazo. Siku walipokimbia, kijana wao mkubwa alibaki nyuma kufungulia mbuzi. Wao wakafika ziwani, wakavuka. Baadaye wakaja watu wakasema kijana ameuawa pale kijijini na wale wenye bunduki. Hakuna aliyejua amezikwa wapi, au kama alizikwa.

Na matanga, kila mtu anajua, unalala chini. Mtu akifa nyumbani mnashuka vitandani, mnalala kwenye mikeka mpaka wazee waje wayaondoe. Alipofariki mume wangu tulilala chini, wazee wakaja, tukanyolewa, nikarudi kitandani, basi, yakaisha. Sikusikia nafuu yoyote lakini yaliisha. Wao wazee wao waliwaambia hawana la kuondoa. Kaburi halijulikani, matanga yanaanzia wapi yaishie wapi? Kwa hiyo waliendelea kulala chini, mwaka baada ya mwaka, na kitanda cha mkwe kikawa kabati.

Nilidhani ni jambo la nyumbani tu, mpaka alipougua homa ya mapafu wakampeleka hospitali ya Kabanga. Nilikwenda kumwona na uji. Nikakuta kitanda cha wodini kitupu, yeye amelala sakafuni kwenye kitenge, na muuguzi, binti wa Kiha, ameshika kiuno, anamwita mama yake kwa Kiha.

"Mawe! Mzee, unataka nifukuzwe kazi?"

"Hapana, mwanangu. Nataka kulala."

Mwishowe walielewana. Godoro likashushwa chini, na dripu ikaning'inizwa kwenye kitanda kisicho na mtu. Wagonjwa wengine walimzungumzia siku nzima. Mimi nilimpa uji wake nikarudi kijijini.

Niseme pia kwamba alikuwa na ubahili wa kuudhi. Alikuwa mtu wa kuomba chumvi kwa jirani wakati ana chumvi. Aliringa kwa Kifaransa chake mbele ya Warundi. Mtoto akilia bandani alimtazama mama yake mpaka mama akatoka. Na alikuwa na koti moja la kahawia alilolivaa jua na mvua, lenye kamba ya kitambulisho cha kazi juu yake, na ile kamba hakuivua hata Jumapili. Alipenda watu waione. Nasema haya kwa sababu watu wakimtaja siku hizi wanamfanya malaika.

Jumapili ninayoikumbuka alikuja mapema, bila tangawizi. Akaniomba niweke ile sinema ya vita. Nilikuwa nimeahidi watu nyingine, mpya, lakini alisimama pale mpaka nikaiweka. Alitafsiri vizuri, hata vichekesho vyake aliviweka mahali pake. Tukafika kwenye hema. Yule mfalme akapiga magoti.

"Muzee anapiga magoti," akasema.

Watu walisubiri magoti yachoke. Mfalme akaushika ule mkono, akauinua usoni.

"Anamubusu. Anabusu mukono wenye uliua mutoto wake."

"Aa!" muuza karanga akasema. "Mzee, leo umechoka."

"Zamani njo nilikuwa nachoka," akasema kwenye maiki, ileile sauti ndogo. "Leo nasema vile iko. Anasema, nipe mutoto wangu nimuzike. Anasema, tangu afe sijalala."

Wakaanza kunung'unika. Mmoja akadai arudishiwe kiingilio. Kwenye runinga wale wawili walilia, kila mmoja wa kwake, wakala, na watumishi wakaja na matandiko.

"Wanamutandikia kitanda," Mkalimani akasema. "Analala." Akaweka maiki juu ya kigoda, akatoka, na vita ikaendelea yenyewe kwa Kiingereza.

Nilimfuata nyuma ya banda nikiwa na hasira za biashara. "Mzee, umeniharibia watu."

"Mama Banda, kuna mutu nataka kumusalimia," akasema. "Na kwa kazi yangu, kumusalimia ni kosa."

"Basi usimsalimie."

Akagusa kifua chake, na hapo ndipo nikaona. Kamba haikuwepo. Koti lilikuwa limefifia pande zote isipokuwa pale ilipokuwa ikipita.

"Nimewarudishia," akasema. "Nilikuwa mudomo wake mule ndani. Nilisema, mimi nilikuwa pamoja na bale benye bunduki. Nilisema, mimi nilizika batu. Kisha nikataja kijiji chetu. Kwa mudomo wangu, Mama. Afisa hakujua kitu. Akaniambia, endelea."

Nilisimama pale. Najua kuna maneno ya kusema, na mama yangu angekuwa nayo. Mimi sikusikia kitu chochote ndani, nilisikia jenereta tu. Nikamwuliza kama atakuja Jumapili ijayo.

"Pombe ya ndizi, ya muzuri, inapatikana kwa nani?" akaniuliza yeye.

Nikampeleka kwa jirani yangu. Akanunua dumu zima, yeye mbahili, mzee wa kanisa, akajitwisha mwenyewe kuelekea kambini mchana wa Jumapili, watu wanatoka ibadani. Wanawake walicheka sana njia nzima. Nilisikia baadaye kwamba wazee wa kwao walipojua anaipeleka kwa nani, na kwamba anaipeleka yeye, walimsimamia njiani wakamkemea. Mfiwa hapeleki pombe. Hata mtoto anajua. Wakamwambia akipita pale hawatamhesabu tena kama mzee. Alitua dumu akapumzika, akajitwisha tena, akapita.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala nyingine. Kisha ruhusa za kutoka kambini zikawa ngumu, soko likafa, na mimi nikahamishia banda Kasulu mjini, ambako sasa tunaonyesha mpira. Wayunani hawajafa lakini. Wajukuu zangu wanawaangalia kwenye simu, kitandani, kila mmoja na waya masikioni. Siku hizi Mzee wa Radi anavaa suti na kupanda lifti, Binti Kichwa anapigana karate, na tafsiri inakuja imeandikwa chini, sahihi kabisa. Nawauliza huyu naye ni mtoto wake? Wananiambia, "Bibi, soma." Nawaangalia nyuso zao wakati wa kufa kwa watu. Hazibadiliki. Siwalaumu, yangu nayo haibadiliki.

Juzi juzi, akina mama wa kanisa letu walipata kibali cha kutembelea kanisa rafiki kambini, nami nikajiunga. Nilikuwa na flashi yenye mfululizo mpya wa Wayunani. Nilitaka anipe majina, kwa sababu kuna mungu mmoja wa kike humo mwenye mbwa, na hatukuwahi kuwa naye. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Mke wake alikuwa nje anachambua maharage. Kando ya ukuta, chini, masufuria yalikuwa yamepangwa, na gunia la unga juu ya matofali mawili, na kuku kwenye boksi na vifaranga vyake.

"Mwakeye, mama," nikamsalimu kwa Kiha.

"Karibu, Mama Banda. Muzee iko analala."

Ilikuwa mchana kweupe. Nikachungulia. Alikuwa juu ya kitanda cha mninga, kwenye godoro, na shuka la maua limechomekwa vizuri pembeni. Amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Amekonda. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa pamoja uvunguni.

"Njo kazi yake," mkewe akasema. "Tangu ile siku analala. Asubui, muchana. Nikupigie kelele aamuke?"

"Hapana, mwache."

Nikamwuliza ilikuwaje, akanieleza bila kuacha kuchambua. Yule mtu hakutaka kufungua mlango. Mzee akakaa chini nje na dumu lake mpaka jua likageuka, kama yeye ndiye mwenye kosa. Mlango ulipofunguliwa akamshika mkono yule mtu, hakuuachia. Hakumwuliza nani aliua. Hakumwuliza kitu kingine chochote ila mtoto wangu yuko wapi. Yule mtu akasema, nyuma ya tanuru ya matofali ya kanisa, karibu na kijito, pamoja na wengine wawili. Akasema alikuwa na sweta ya shule, na kwamba yeye mwenyewe aliivuta ikamfunika uso kabla ya udongo. Wakanywa ile pombe. Mzee wa kanisa alikunywa. Kisha wale wazee waliomkemea wakaja wenyewe, wakaona sasa kuna mahali pa kutaja, wakamwondolea matanga.

"Sasa anajua fasi," akasema. Fasi ni mahali. "Njo maana analala."

"Afadhali," nikasema. "Na wewe, mama, umepumzika?"

Alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa.

"Miye aliniacha hapa. Hakuniambia anaenda wapi. Akarudi, akaniambia, iko nyuma ya tanuru." Akatazama mlangoni. "Ile tanuru niliijua. Nilipikia bafundi pale. Lakini ule mutu hakunishika miye mukono. Miye sijasikia kwa mudomo wake. Nimesikia kwa mudomo wa mukalimani."

Ndani mzee alikohoa, akageuka, kitanda kikalia kidogo, akaendelea.

"Mama Banda," akasema, "iko sinema moja, Muzee aliniambia habari yake. Ya ule baba mwenye alienda kuomba maiti. Ule kijana alikuwa na mama?"

"Alikuwa naye."

"Yeye alisema nini?"

Nilimwona yule malkia juu ya ukuta, mdomo wazi, na Mkalimani anakunywa maji. Nimeitazama sinema ile mara nyingi kuliko mtu yeyote wilaya hii. Nikahisi kitu, cha kwanza tangu nimzike mume wangu, na nikakasirika, sijui nilimkasirikia nani.

"Sijui alisema nini," nikamwambia. "Hatukuwahi kutafsiriwa."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia kitu alichokijua. Kisha akaona bado nimesimama. Akaingia ndani kwa kunyata asimwamshe mumewe, akatoka na mkeka, mmoja, ule wake wa kulalia, akaukunjua chini kivulini, na tukakaa.